Milaya ya Mama Simiyu

Vijana wa chumba cha kufulia, siku ya kuniaga mlininunulia kiti. Sijui aliyetoa wazo hilo alikuwa ananitania au la, kwa sababu dobi na kiti hawajuani. Kazi yetu yote ni ya kusimama, nami nimesimama tangu ujanani hadi magoti yakaanza kunidai. Lakini kiti ni kizuri, kina mto wa mgongoni, na ndicho nilichokalia nikiandika haya mliyoniomba. Vyeo vyangu nitaviruka. Mshahara nao nitauacha kama ulivyoniacha. Nitaandika juu ya maji, pasi, sindano na watu, na nitakawia zaidi kwenye miaka ya Juba, maana ndiyo ninayoikumbuka nikicheka peke yangu.

Nilianzia hapa hapa Eldoret, kwa Mzee Hamisi, aliyekuwa na kibanda cha kufulia nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilifika nimeshakunja mikono ya shati, tayari kwa sabuni. Akanipa sindano na uzi mwekundu. Kila mteja alikuwa na alama yake, mishono midogo ndani ya pindo, mahali ambapo hata mwenye nguo haoni. Hakuna kitambaa kilichoingia majini bila alama. "Nguo isiyo na alama ni yatima," aliniambia. "Ikipotea, nani ataililia?" Nilishona alama muda mrefu kabla sijagusa karai. Mkono ulizoea mno, hata nilipooa nikajikuta natia alama foronya alizokuja nazo Mama Simiyu kutoka kwao: kijiti kimoja kilichosimama na viwili vimelala chini yake. Aliponikuta akauliza kama na yeye nitamkata sikio, kama ng'ombe wa baba yake.

Mzee Hamisi ndiye pia aliyenifundisha kwamba pasi ya mkaa husuguliwa kwenye jani la mgomba ili iteleze, na kwamba joto lake hupimwa kwa tone la maji, si kwa shati la mteja. Nguo yenye nakshi ya uzi hupigwa pasi kwa ndani, juu ya taulo, ili ua lisilale. Nyuzi za rangi zifuliwe kwa maji baridi yenye chumvi, na msizitundike juani zikitazama juu. Haya yote mnayajua, lakini mtu akistaafu ana haki ya kurudia.

Kisha ukaja mkataba wa amani wa kule Sudan, na Juba ikajaa watu wenye kazi za karatasi, wakahitaji watu wa kuwafulia. Wakenya na Waganda tulimiminika. Mimi niliajiriwa kusimamia ufuaji katika hoteli moja ya mahema, mtaa wa Hai Amarat. Hoteli ilikuwa na ua wa mabati, mahema yaliyopangwa mistari, na bei ambazo zingemfanya mtu atarajie kuta.

Siku ya kwanza lilikuja lori la maji kutoka mtoni, nami nikajaza mapipa nikatumbukiza mashuka meupe. Yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikaongeza sabuni, yakawa ya chai ya rangi. Nyuma yangu nikasikia mwanamke anacheka mpaka anakohoa. Huyo alikuwa Mama Kiden, mfuaji mkuu, mwenyeji wa Juba wa kabila la Wabari, aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili chake. Alinipokonya karai.

"Wewe mutu ya Kenya, hii maji iko na udongo ya Nile yote. Weka shabu kwanza. Wacha ilale. Kesho chota juu juu, chini mafi gusa!"

Basi ndivyo tulivyofanya. Jioni tunakoroga shabu, ile chumvi ya mawe inayotuliza udongo, katika mapipa, asubuhi tunachota juu na kuuacha udongo chini. Mafundi wa mashine za siku hizi mtacheka, lakini mashuka yetu yaliwaka. Hata wanajeshi wa kambi ya Bilpam walituletea sare zao. Afisa mmoja alitaka mkunjo wa suruali uonekane akiwa bado mbali. Nilimpigia wanga wa muhogo na pasi nzito, suruali ikasimama yenyewe. Aliivaa, akashukuru, na nasikia hakukaa popote siku ile nzima.

Tabu ya Juba ilikuwa mchana. Jenereta ilizimwa saa sita hadi saa kumi ili ipoe, na jua lilikuwa kali kiasi kwamba shuka ulilotundika mwanzo wa kamba linakuwa limekauka kabla hujamaliza mwisho wake. Kazi ilisimama. Watu wote walijificha katika hema la kupigia pasi, kwa sababu lilikuwa wazi pande mbili na upepo ulipita. Mama Kiden alichomoa shuka lake jeupe kutoka kwenye mfuko akaanza kudarizi. Opio, Mganda wa Lira aliyetunza jenereta, alikuwa na sanduku la vitabu vilivyosahauliwa na wageni. Alikuwa akisoma Kiingereza kimoyomoyo na kutusomea kwa Kiswahili, na palipomshinda alitunga. Pembeni, juu ya jiko la mkaa, mboga ya Mama Kiden ilitokota polepole. Mimi sikuwa na la kufanya. Nilisimama mlangoni nikihesabu vibanio na kuwakera wenzangu.

"Ya Barasa, gaid! Kaa chini," Mama Kiden alisema siku moja. "Ukisimama hapo unazuia upepo." Akanitupia kipande cha kitambaa na sindano.

Shuka lile wao huliita milaya. Mwanamke huchora maua na ndege kwa kalamu, halafu hujaza kwa nyuzi za rangi mpaka kitambaa chenyewe hakionekani, na pindo akalifuma kwa sindano ya kulabu. Wageni wakija, milaya hutandikwa kwenye viti na vitanda, na nyumba inasifiwa kwa hiyo kabla ya chakula. Bibi harusi huenda nazo kwa mumewe. Ni kazi ya wanawake, na wenzangu wa jikoni hawakuacha kunikumbusha. Waliniita Mama Barasa. Mpishi mmoja aliniuliza mahari yangu itapokelewa Kenya au Juba.

Niliwaacha waseme. Sindano nilikuwa naijua tangu kwa Mzee Hamisi, lakini nilikuwa naijua kwa haraka haraka, mishono mitatu na nguo nyingine. Kujaza jani moja la kijani mchana mzima, huku Opio anatusomea habari za mkufu wa mjane tajiri ulioibwa melini, lilikuwa jambo jipya kwangu. Nilipenda. Nasema wazi, nilipenda kuliko nilivyowahi kupenda jambo lolote lisilo na faida. Na siku niliyoonja ile mboga ya Mama Kiden nusura nilie. Yeye aliiita kudra. Ilikuwa murere, yaani mlenda, murere yetu ile ile ya Bungoma inayovutika kama ulimi wa ndama, ila yeye aliitia karanga za kusaga na kuila na asida, ambayo ni ugali kwa jina lingine. Nilikula nikamsahau hata mpishi na mahari yake.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa sawa. Likizo zilikuwa chache na za mbali, na majirani walimjaza Mama Simiyu maneno: kwamba mwanamume akivuka mpaka wa Nimule anaoa, kwamba fulani alirudi na watoto wawili wasiojua Kibukusu. Kwenye simu sauti yake ilizidi kuwa fupi. Niliogopa. Siku moja atanifungia mlango, na mimi sina kosa ila umbali. Nikaamua nimdarizie milaya nzima, kubwa, ya kitanda. Mtu akiona kazi kama ile, nilijiambia, hataniuliza tena kama namkumbuka.

Mama Kiden alinichorea tausi wawili wanaotazamana, na maua pande zote. Nilianza masika, nikamaliza kiangazi. Maua yalitoka vizuri. Tausi walinishinda shingoni, wakatoka majogoo. Nilipomaliza niliipiga pasi kwa ndani, juu ya taulo, nikaikunja, nikaipeleka Nesitu, nje ya mji, ambako dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu, alikuwa amelala na lori lake akisubiri kugeuza kurudi Kenya. Nilimwelekeza: mkabidhi mwenyewe mkononi, usiseme lolote, itajieleza.

Sasa, mtandao wa simu pale hotelini ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji. Ukitaka kuongea na mkeo unapanda, na hoteli nzima inaongea naye pamoja nawe. Wiki ilipopita nikapanda.

"Haloo! Mama Simiyu! Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Umeuonaje?"

"Mke mwenzangu ana mkono mzuri. Mpe hongera."

Nilishika ngazi vizuri. "Mke mwenza gani? Dereva amekwambia nini?"

"Amekunywa chai akanieleza. Huko shuka kama hili bibi harusi ndiye huleta kwa bwana. Amesema ni zawadi ya heshima sana."

"Nimelishona mimi! Kwa mikono yangu!"

Chini watu wa jikoni wakapiga makofi na vigelegele.

"Na hao wanawake wanaokushangilia ni kina nani?"

"Ni wapishi! Wanaume! Mama Simiyu, nisikilize, nimekaa nikashona..."

"Umekaa? Wewe, Baba Simiyu? Mtu anayekunywa chai amesimama? Leo umekaa kitako ukashona ua baada ya ua?" Nikasikia anavuta pumzi. "Nakuja."

Na alikuja. Alipita Kampala na Gulu, akavuka Nimule, na barabara ya wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi. Nilimpokea Kastam, kituo cha mabasi, akiwa mwekundu kutoka kisigino hadi kilemba, amekumbatia mfuko. Niliujua mfuko ule.

"Karibu Juba," nikasema.

"Nimekaribia. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye sindano."

"Unaongea naye."

"Tutaona," akasema, akatangulia mbele kana kwamba njia anaijua.

Tulifika hotelini jenereta imezimwa. Nilikuwa nimesahau kwamba saa zile Mama Kiden huwa amekaa hemani na milaya magotini. Mke wangu alisimama mlangoni akamtazama mwanamke yule, akalitazama shuka, akanitazama mimi.

Mama Kiden alisimama kwa furaha. "Mama ya Simiyu! Karibu, ta'ali, kaa hapa, iko na upepo!"

Mke wangu hakukaa. Alitoa ile milaya mfukoni akaikunjua. "Dada yangu, hii umeshona wewe?"

Mama Kiden aliitazama. Mabega yakaanza kutikisika, halafu akacheka kile kicheko chake cha kukohoa mpaka Opio akampigapiga mgongoni.

"Mimi? Wallahi, mimi nikishona tausi, inakuwa tausi. Angalia hii. Hii ni kuku! Mbili! Hii kuku ni ya rajil yako, bwana yako."

"Kila mtu anaweza kusema," mke wangu akajibu, lakini niliona ametazama tena wale ndege. Akavuta kigoda akakiweka katikati ya hema, akanielekezea. "Baba Simiyu. Kaa. Shona nikuone."

Nimepiga pasi mashati ya wakubwa, nimetoa damu ya mbuzi kwenye joho la padri, lakini sijawahi kuwa na kazi ngumu kama ile. Mama Kiden alinipa kitambaa chenye tawi lililochorwa. Uzi ukakataa kuingia tundu la sindano. Ulipoingia, nikajichoma kidole. Jani la kwanza lilitoka na kona nne. Watu wa jikoni walikuwa wamejipanga pembeni ya hema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetania. Nikajua kabisa kwamba nikishindwa hapa, mke wangu atapanda basi la kesho, na sitapata tena mtu wa kunipokea nyumbani.

Aliyeniokoa ni Opio. Alijikuna kichwa akasema, "Mama, samahani. Huyu mzee hawezi shona kama mimi sisomi. Mkono yake imezoea hivyo." Akachukua kile kitabu cha mkufu wa mjane, akakifungua tulipokuwa tumeachia, akaanza. Nahodha ameita abiria wote. Mpwa wa mjane anatetemeka. Mpishi wa meli anasema yeye alikuwa anakanda unga.

Sikuamua chochote. Sauti ya Opio ilipoanza tu, bega langu likashuka na mkono ukaenda wenyewe. Jani la pili likawa jani. La tatu likapata na mshipa katikati. Nikageuza uzi, nikaanza ndege, na kwa muda sikukumbuka kwamba natazamwa.

"Ngoja," ikasemwa karibu na sikio langu. Mke wangu alikuwa ameketi chini, juu ya fungu la mashuka, shingo imeelekea kwa Opio. "Huyo mpishi. Unga wa nini? Si ulisoma kwamba siku ile waliishiwa unga?"

Opio akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Eh. Ni kweli."

"Basi ndiye. Soma mwisho."

Tukatazamana sisi watatu. "Mama," Opio akasema kwa upole, "mwisho haiko. Askari ya getini alitoa hizo karatasi akafungia tumbaku."

"Nini? Yuko wapi huyo askari?"

Ikawa ghasia. Mama Kiden hakumtaka mpishi, alimtaka mpwa, kwa sababu mpwa hakumsalimu mjane asubuhi. Watu wa jikoni walimtetea mpishi kama ndugu yao. Opio alidai mkufu haukuibwa kabisa, mjane aliuuza mwenyewe. Mke wangu aliwajibu mmoja mmoja, kilemba kimelegea, vumbi la Nimule bado shingoni, na katikati ya kubishana na mpishi mkuu akaanza kucheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu nilipoondoka. Nilijichoma kidole kingine.

Kisha akanusa hewani, akainuka, akafunua sufuria ya Mama Kiden. "Murere!" akasema. "Mnajua murere huku?" Akaomba mwiko. Yeye akasonga asida kwa mkono wa kwetu, ngumu ya kukatika, na Mama Kiden akamwaga karanga za kusaga kwenye mboga. Mke wangu aliutazama mkono ule kwa mashaka makubwa, akaonja, akaonja tena. Tulikula wote kutoka sinia moja, na mimi nilikula nimekaa.

Saa kumi Opio alienda kuwasha jenereta, watu wakatawanyika, nikasimama mezani pangu. Mke wangu alikuja kunisaidia kukunja. Alipofika kwenye milaya yake aligeuza pindo la kona, akaliweka mbele ya macho yangu. Ndani ya pindo, kwa uzi mwekundu, palikuwa na kijiti kimoja kilichosimama na viwili vimelala. Wala sikumbuki kuishona alama ile. Mkono ulijifanyia tu, kama ulivyofundishwa.

"Niliiona dereva akiwa bado anakunywa chai," akasema.

"Siku ile ile?" Nilishangaa mpaka hasira ikanipanda kidogo. "Kwa hiyo ulijua! Kwenye simu ulijua! Sasa safari yote hii ya nini?"

"Mke mwenza ningemngojea nyumbani aje mwenyewe." Alikuwa analainisha shingo ya jogoo mmoja kwa kidole. "Baba Simiyu, tangu unioe sijakuona umekaa. Chai unakunywa mlangoni. Watoto uliwapokea umesimama, ukawarudisha kwangu umesimama. Halafu naletewa kitu hiki. Mtu hashoni kitu hiki ila amekaa, tena amekaa kwa raha, siku nyingi. Nikamwonea wivu huyo mtu. Nikasema, hata kama ni mbali, lazima nimwone na mimi."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika pasi na wa pili ulikuwa umemshika yeye. Foronya ya mteja iliungua pale pale, doa la umbo la pasi, na niliilipia kwa moyo mweupe.

Alikaa nasi wiki tatu. Alimaliza sanduku la Opio, na alimtia askari wa getini adabu hata akaanza kufungia tumbaku kwenye magazeti. Mama Kiden alimfundisha kufuma pindo. Nilirudi Eldoret kabla ya ile kura yao ya kujitenga, nikaja kwenu, na mengine mnayajua, kwa sababu ni nyinyi mliokuwa mkinung'unika kwa nini mkubwa wenu hukaa chini kila saa saba na kudarizi vitambaa vya meza vya hoteli. Sasa mnajua. Tafuteni na nyinyi saa yenu, hata kama nguo zimejaa. Nguo huwa zimejaa siku zote.

Siku hizi mchana Mama Simiyu husoma kwa sauti nami nashona, sufuria ya murere ikiwa jikoni, yenye karanga. Kila kitabu kipya hukagua kwanza kama kurasa za mwisho zipo. Wageni wakija, anatandika milaya kwenye kochi, kama tulivyofundishwa Juba, na hakuna anayeketi kabla ya kuuliza ni mwanamke gani aliyeshona maua haya na hawa majogoo wazuri.

"Ni mke mwenzangu," huwajibu, akininyooshea kidole nilipokaa. "Mwacheni, anaingiza uzi."